Jibu: kwa nini kijana wa New Zealand hawezi kubeba marafiki

Dada, umeuliza mpwa wako alioko New Zealand ana miaka 17 na leseni anayo, mbona akatazwe kubeba marafiki na saa nne usiku gari iwe imelala? Hiyo sio kuonewa wallahi, hiyo leseni yake ni ya kati. Kule wanaanza na ya mwanafunzi wakiwa na miaka 16, baada ya miezi sita na mtihani wanapata hii yenye masharti, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri haendeshi peke yake, na abiria habebi mpaka kando yake akae mtu mwenye leseni kamili. Wameanza mpango huu 1987, Marekani wakafuata, Florida ndio ya kwanza 1996.

Mimi naukubali sana. Kijana wangu hapa Mombasa nilikuwa nikikaa naye Nyali anaendesha vizuri mashallah, anaangalia kioo, indiketa mapema. Siku moja tukawapakia wenzake watatu nyuma, tumefika karibu na daraja wanacheka wanamwita jina, akageuza shingo na mguu bado uko kwa mafuta, tuktuk ilikuwa mbele yetu pale pale, nikavuta hendibreki mwenyewe. Mkono ulinitetemeka mpaka nyumbani.

Kwetu gari ni miaka 18, lakini akishapita mtihani hakuna anayemuuliza amebeba nani usiku. Kwa hivyo mimi nimemwekea hayo masharti nyumbani, mwaka mzima, na funguo nalala nazo.