Mnauliza gari, mimi nauliza bushi

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: gari la kutengenezwa kwetu. Nimechagua chache, na zinazofanana nimezijibu pamoja.

*Tumepata uhuru zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kwa nini mpaka leo Tanzania haijatengeneza hata gari moja? (Wasomaji wengi: Mwanza, Tanga, Dar es Salaam)*

Imetengeneza. Shirika la Nyumbu pale Kibaha lilitoa lori lake miaka ya 1980. Naombeni swali hili lisirudi tena kwa sura hii. Ulizeni kwa nini lori lile halikuzalishwa kwa maelfu, hapo tutazungumza.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Kuunganisha magari ni kutengeneza? Wenzangu wanasema Kenya wana viwanda vya magari, wengine wanasema wanafunga boliti tu.*

Marahaba mwanangu. Wote wana kipande cha ukweli.

Kuna kuunganisha kwa namna mbili. Namna ya kwanza, gari linashuka bandarini karibu zima: bodi imeshapigwa rangi, injini imeshafungwa na gia boksi yake, na kazi ya hapa ni magurudumu, betri, viti na kukaza. Namna ya pili, mabati ya bodi yanakuja yamekandamizwa lakini hayajaungwa. Yanachomelewa hapa, yanaoshwa, yanapewa dawa ya kuzuia kutu, yanapigwa rangi, ndipo injini inaingia. Hii ya pili inafundisha watu kazi. Kenya wameifanya tangu miaka ya 1970 Nairobi, Thika na Mombasa, hasa malori, mabasi na pikapu, na atakayekwambia si kitu hajasimama kwenye chumba cha rangi cha kiwanda kama kile.

Lakini kipimo cha kiwanda cha magari ni kile kinachonunuliwa nje ya geti lake, kwa majirani. Kenya hununua kwao betri, springi, viti, na mabasi hujengewa bodi palepale. Kwa karibu miaka 50 orodha hiyo ni fupi, na sababu si uvivu. Magari mapya yaliyouzwa Kenya kati ya 2021 na 2024 hayakuvuka 15,000 kwa mwaka, tena yamegawanyika kwa modeli nyingi. Nani atachonga kalibu, lile umbo la kutolea vipande vinavyofanana, ya bamba kwa gari litakalouzwa mia nne?

Sasa nikusimulie jambo dogo. Mwaka jana nilinunua bushi kumi za springi, vile vibomba vya raba vinavyoingia kwenye jicho la springi, kwa fundi mmoja Gerezani, za aina moja, za lori moja. Nilizipima kwa venia, kile kipimo cha sehemu za milimita, mezani kwangu. Kubwa na ndogo zilipishana karibu milimita moja. Nikamrudia. Akaniambia kwa upole, "Mzee, zote zinaingia ukizigonga." Ni kweli zinaingia. Ile iliyogongwa ndiyo inayoliwa upande mmoja mapema, na dereva anarudi kununua ya nje. Fundi yule ana mikono mizuri kuliko yangu. Alichokosa ni kalibu: ya kwake aliichonga kwa grainda na jicho, na raba anaipika kwenye moto usiopimwa joto. Kiwanda cha magari kinataka bushi elfu kumi, na ya elfu kumi iwe sawa na ya kwanza. Ukimaliza masomo, usikimbilie kuchora bodi za magari. Jifunze kalibu. Nchi hii ina wachoraji wengi na watengeneza kalibu wa kuhesabika.

*Serikali ipige marufuku magari ya mtumba ya Japani ili viwanda vya ndani vipumue. Unakubali? (Mfanyabiashara, Arusha)*

Sikubali. Japani gari binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na ukaguzi ule ni ghali, kwa hiyo wenye nayo huyaachia yakiwa bado mazima. Nao huendesha kushoto kama sisi. Ndiyo maana muuguzi wa Singida anaweza kumiliki Vitz. Ukimfungia leo, kesho hapati gari la ndani, kwa sababu halipo.

Nigeria walijaribu njia ya mkato. Kwa sera ya 2013 tozo za magari mapya zilifika 70%, viwanda vikatangazwa vingi, na magari yakaendelea kuingia kwa njia za panya kutoka Cotonou, bandari ya jirani yao Benin. Mpaka una njia nyingi kuliko askari.

Ninachotaka ni ngazi: mwaka huu umri fulani wa gari, baada ya miaka mitatu umri mdogo zaidi, na vivyo hivyo, imeandikwa kwenye sheria na haiguswi. Kwetu kila Juni bajeti ikisomwa watu wanashika tama kusubiri kiwango kipya cha ushuru. Mtu wa kununua mashine ya kukandamiza mabati anarudisha fedha yake kwa miaka mingi. Hawezi kuwekeza kwenye nchi inayobadili mawazo kila mwaka.

*Korea Kusini tulikuwa sawa nayo miaka ya 60. Wao waliwezaje? (Barua tano, karibu kwa maneno yaleyale)*

Hatukuwa sawa, na msemo huu unatudanganya. Kipato huenda kilikaribiana na cha baadhi ya nchi za Afrika, lakini Korea ya 1960 ilikuwa tayari imewapeleka karibu watoto wake wote shule ya msingi. Tuanzie hapo.

Hyundai Motor ilianzishwa 1967. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunganisha Ford Cortina, kazi ileile mnayoiita ya kufunga boliti. Pony, gari lao wenyewe, lilitoka 1975. Injini na gia boksi vilikuwa teknolojia ya Mitsubishi, umbo lilichorwa na Giugiaro wa Italia, na mradi ukaongozwa na Mwingereza George Turnbull, aliyetoka British Leyland. Hawakuona haya kuazima. Mwaka 1976 wakayapeleka Ecuador. Injini waliyoibuni wenyewe, Alpha, ikaja 1991. Hesabuni: miaka 24 tangu kuanza.

Jambo ambalo wasifiaji wa Korea huliruka ni hili. Serikali iliwafungia watengenezaji soko la ndani, ndiyo, na kuwapa mikopo nafuu, lakini iliwadai. Uza nje, au mkopo unakoma. Kampuni iliyoshindwa haikubembelezwa. Malaysia walikinga Proton, kampuni yao ya magari, tangu 1983, gari lake la kwanza, Saga, likatoka 1985 juu ya msingi wa Mitsubishi, lakini deni la kuuza nje halikushikwa kwa ukali ule. Mwaka 2017 Geely ya China ikanunua 49.9% ya hisa zake. Thailand nao hawakuhangaika na jina lao kwenye boneti. Walichagua pikapu, wakawavuta watengenezaji wa vipuri, na mwaka 2012 walitoa magari zaidi ya milioni 2.

Sisi tunapenda sehemu ya kukinga na tunakwepa sehemu ya kudai. Hapo ndipo ninapowaogopa wanasiasa wetu, wa chama chochote.

*Mradi wa gari la Nyayo Pioneer wa Kenya ulikufa kwa hujuma za wazungu. Kweli? (Nakuru)*

Huhitaji mzungu kuueleza mwisho ule. Rais Moi aliukabidhi Chuo Kikuu cha Nairobi 1986, na kufikia 1990 magari matano ya majaribio yalikuwa yanatembea, kasi hadi kilomita 120 kwa saa. Wahandisi walitimiza wajibu wao. Fedha za kuzalisha hazikupatikana. Karakana yake ndiyo baadaye ikawa Numerical Machining Complex, mahali pa kuchonga vipuri kwa mashine za kisasa. Wakenya wakisikia Nyayo hucheka. Mimi ningewaomba waitazame karakana ile, kwani ndiyo kitu cha thamani kilichobaki.

*Magari ya umeme yataturahisishia kazi?*

Kiasi. Injini na gia boksi, vilivyotuzuia miaka yote, vinaondoka. Makerere walionyesha Kiira EV mwaka 2011 na basi la Kayoola 2016, na sasa Uganda ina kiwanda Jinja. Thika wanaunganisha mabasi ya umeme. Mimi ningeanza na bodaboda na bajaji, kwa sababu idadi ipo, na idadi ndiyo inayolipa kalibu.

Ila naona tumeanza kujisifu kwamba tuna kinywe, yaani grafiti, Mahenge na nikeli Kabanga, basi betri ni zetu. Mashamba ya mpira tulikuwa nayo Kihuhwi, Muheza. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilikuwepo Arusha. Kilisimama, na tairi tunanunua nje. Malighafi haikukiokoa kiwanda kile, na kinywe peke yake haitatupa betri.

*Serikali inunue magari yaliyounganishwa nchini?*

Ndiyo, na ianze na mashangingi. Sheria itaje asilimia ya vipuri vya ndani na ipande kwa tarehe.

*Nina duka la spea Shauri Moyo na mtaji kiasi. Nataka kutengeneza badala ya kuagiza. Nianze na nini?*

Hii ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote, ndugu yangu. Soma habari za Nnewi, mji wa wauza spea kule Nigeria. Innocent Chukwuma alianza na spea za pikipiki, akaenda kwenye plastiki, na kiwanda chake cha magari cha Innoson kikazinduliwa 2010. Aliyajua mahitaji kwa kuyauza kwanza, na wewe unayajua.

Anza na raba na plastiki: bushi, mikeka, vifuniko, madigadi. Usianze na breki. Breki mbovu inaua, na kuipima kunahitaji maabara. Wapeleke TBS, shirika la viwango, sampuli kabla hujauza hata moja. Na tafadhali, usifungashe kazi yako kwenye boksi la jina la Kijapani. Najua inavyofanyika pale, na najua wateja wanavyoamini boksi. Ukifanya hivyo bushi yako ikiwa nzuri sifa inakwenda Osaka, na ikiwa mbaya umemdhulumu dereva.

*Nimeunda gari nyumbani kwa injini ya pikipiki. Majirani wamenipiga picha, mbunge ameahidi kuja. Nipeleke wapi? (Kijana, Geita)*

Hongera, kwa moyo wangu wote. Kabla ya mbunge, mwite fundi wa breki, na usimpakie mtu barabarani. Kisha chagua kipande kimoja cha gari lako ulichokitengeneza mwenyewe kabisa, bila kununua. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa ukaulize kuhusu mafunzo ya kalibu. Tengeneza vipande kumi vya aina hiyo moja na unitumie. Nitavipima kwa venia ileile.