Baba yake alikataa, wewe ukamnunulia koti

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi mjini, nina duka dogo la madaftari na sare za shule. Mume wangu ni mwongoza watalii, muda mwingi yuko mlimani. Mwanetu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, kijana mpole asiye na makuu. Likizo hii ya Desemba alimwomba baba yake ampandishe mlima, baba akakataa, eti mpaka amalize kidato cha nne. Na huyo huyo baba watoto wa Wazungu wa umri huo anawapandisha kila msimu!*

*Basi kijana akaaga anakwenda kwa bibi yake Kibosho na wenzake wawili. Nilimnunulia koti zito pale Memorial na tochi ya kichwani, sikujua ni za nini. Kumbe Jumanne alfajiri walipita nusu maili, ule ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji, wakaingia hifadhini peke yao, wamevaa jinzi na raba, wakitaka kupiga video. Mama mkwe alipiga simu saa tatu usiku akaleta kelele, nikamwambia wanaume lazima wazoee. Jumatano saa saba mchana mume wangu alishuka na wageni wake, akapata habari, akawaambia askari wa hifadhi. Vijana wa kijiji nao wakaingia msituni kutafuta. Wamepatikana Alhamisi, mmoja kateguka mguu, mwanangu kazidiwa na baridi hata kuongea hawezi. Wakashushwa kwa machela. Mungu ni mkubwa, wote wazima.*

*Sasa gharama. Hospitali, magari, chakula na posho za waliotafuta, jumla 2,800,000. Mume wangu kauza mtamba wake aliyekuwa kwa mama yake, na nusu iliyobaki anataka niitoe kwenye kikoba changu. Hanisemeshi, analala sebuleni. Mama mkwe aliyeshindwa kuwalinda ndiye anayenisema kwa ukoo. Wifi ameniita "mama wa TikTok" kwenye kundi la familia kwa sababu niliweka ile video kwenye status, mtoto ameshapona jamani! Shangazi, ni haki mimi kulipa? Mbona Marekani binti wa miaka 16 alikwenda kuzunguka dunia kwa mashua peke yake na wazazi wake wakamuunga mkono? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.*

*Mama Mlaumiwa, Moshi*

Marahaba, mama. Pole kwa yaliyowakuta, na tumshukuru Mungu vijana wameshuka wakiwa hai. Pole yangu inaishia hapo.

Tuanze na koti. Moshi mjini mwezi wa Desemba watu wanalala madirisha wazi wakigombana na mbu, na wewe unakwenda Memorial kuchambua mitumba umtafutie kijana koti zito. Na tochi ya kichwani. Mwanangu, wewe ni mke wa mwongoza watalii. Tochi kama hiyo imening'inia nyuma ya mlango wako miaka yote ya ndoa, unajua inavaliwa saa ngapi na inakwenda wapi. Kibosho kwa bibi kuna umeme. Ulijua. Pengine hukuambiwa siku wala njia, lakini ulijua, na ulinyamaza kwa sababu ulitaka kijana apate kile ambacho baba yake alimnyima, halafu baba aone haya.

Sasa ile simu ya saa tatu usiku. Umeipitisha kwenye barua kwa mstari mmoja, tena kwa kumsema mama wa watu kwamba "alileta kelele". Hebu tuhesabu pamoja. Kutoka saa tatu usiku mpaka saa saba mchana ni saa kumi na sita. Saa kumi na sita vijana watatu wako juu, mvua inanyesha, jinzi zimelowa, na mtu mmoja tu katika ukoo mzima ndiye aliyeshtuka: bikizee wa Kibosho. Ukamzima kwa maneno ya kishujaa. Watu wengi hudhani Kilimanjaro inaua kule Uhuru tu, kwenye mita 5,895. Baridi haingoji mtu afike huko. Nguo ya pamba ikishalowa inanyonya joto la mwili, na usiku, kule msitu unakoisha na upepo unakoanza, mtu anatetemeka, kisha anaacha kutetemeka, kisha maneno yanapotea mdomoni. Umeandika mwenyewe kwamba mwanao alikutwa hawezi kuongea. Muulize mumeo hatua inayofuata ni ipi. Yeye anaijua, ndiyo maana analala sebuleni.

Kwa hiyo mama mkwe hakushindwa kuwalinda. Alipiga king'ora, wewe ukakizima.

Unasema mumeo anawapandisha watoto wa Wazungu. Anawapandisha, ndiyo, na hifadhi inaruhusu, mradi mtoto awe ametimiza miaka kumi. Lakini angalia wanavyopanda. Majina yao yameandikwa getini. Mbele yuko mwongozaji mwenye leseni, nyuma wasaidizi, na wapagazi, na mpishi. Jioni kila mmoja anabanwa kidole na kile kidude kinachosoma oksijeni kwenye damu, na akionekana hali si nzuri anarudishwa chini hata kama kwao kalipiwa mamilioni. Kwenye malipo ya getini mgeni anatoa na dola 20 za uokoaji, anyeshewe asinyeshewe. Na mara nyingi mzazi wake yuko naye hapo hapo njiani, anahema kuliko mtoto. Wanao walipita nusu maili, njia ya akina mama wanaokwenda kukata majani ya ng'ombe. Hawakuandikwa popote. Hakuna askari aliyejua kwamba kuna watu watatu juu, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa wasiporudi.

Tena baba hakumkatalia mlima. Alimwambia amalize kidato cha nne. Kijana wa miaka 16 kuambiwa asubiri kama mwaka mmoja si ukatili. Na umefikiria siku ile pale getini ilivyokuwa kwake? Mtu ameshuka na wageni, amechoka, anasubiri kupeana mikono na bakshishi, anaambiwa mwanawe ameingia hifadhini kwa njia ya panya. Anakwenda kwa askari anaosalimiana nao kila wiki, ambao ndio wanaoikagua leseni inayolisha watoto wako, na kuwaambia, "Aliyepotea ni wangu." Mimi ningekuwa yeye ningelala sebuleni mwezi mzima.

Huyo binti wa Marekani umemtaja, nami nakushukuru, maana habari yake unaijua nusu. Anaitwa Abby Sunderland. Alitoka California Januari 2010 akiwa na miaka 16. Mwezi Juni mwaka huo huo, katikati ya Bahari ya Hindi upande wa kusini, mbali na nchi kavu yoyote, mlingoti wa mashua yake ulivunjika kwenye dhoruba. Australia ikakodi ndege kubwa ya abiria kutoka Perth kwenda kumtafuta. Meli ya uvuvi ya Wafaransa ikaacha kazi yake kwenda kumchukua, na nahodha mwenyewe akaangukia majini kwenye mawimbi yale ikabidi watu wake wamvue. Australia haikudai gharama zake. Lakini usiniambie wazazi hawakutukanwa. Walisemwa dunia nzima, kwenye magazeti na redio, wengine wakiuliza kwa nini walipa kodi wa nchi nyingine wagharimie ruhusa aliyoitoa baba wa California. Mimi sisemi walikosea wala walipatia. Nakuonyesha tofauti yao na wewe: wale baba na mama walikubaliana, walisimama hadharani wakasema tumemruhusu, na binti alikuwa na simu ya setilaiti na vifaa vya kuita msaada. Ndege iliruka ikijua inakwenda wapi. Wewe ulipoulizwa na mumeo kijana yuko wapi, ulisema nini? Hilo kwenye barua halimo.

Kuna na mwingine, Laura Dekker wa Uholanzi. Huyo alitaka kuondoka akiwa na miaka 13, mwaka 2009. Mahakama ikaingilia, ikamweka chini ya uangalizi wa walinzi wa watoto, safari ikasimama karibu mwaka mzima mpaka masharti yalipotimia. Ndipo akaenda, akamaliza Januari 2012 akiwa na miaka 16. Huko kwao alikuwapo mtu wa kusema subiri, na mtoto akasubiri, na bahari haikuhama. Nyumbani kwako huyo mtu alikuwapo pia. Ni mumeo.

Sheria yetu nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inawapa wazazi wajibu wa kumlinda na mambo ya hatari. Imesema wazazi. Haikusema baba alinde, mama afiche.

Na hapa niseme neno kwa wote, maana barua za aina hii zinaniletea kichefuchefu sasa. Ndoa za siku hizi zimejaa vyama vidogo vidogo ndani ya nyumba moja. Mama na mtoto wa kiume chama, baba na binti chama, kila chama na siri zake. "Usimwambie baba." Hela ya simu, usimwambie baba. Kafeli hesabu, usimwambie baba. Mwanamke anaona mumewe yuko kazini wiki nzima, anaporudi anakuja na amri, basi yeye anajifanya rafiki wa watoto ili wampende zaidi. Akina baba nao msicheke, wapo wanaonunua upendo kwa pikipiki. Mtoto akishagundua kwamba hapana ya mzazi mmoja inaweza kuuzwa kwa mzazi mwingine, hana tena mzazi, ana wateja wawili. Bibi zetu walikuwa wakigombana na babu zetu chumbani kwa sauti ya chini mpaka alfajiri, lakini wakitoka nje neno lilikuwa moja. Siku hizi tunagombania mbele ya watoto na tunapatana kwenye status. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umelia, na mtamba umeuzwa.

Turudi kwenye hela. Umeniuliza kama ni haki ulipe. Lipa. Lipa nusu yote, usiombe upunguziwe, na usitafute cha kujumlisha ili ionekane umeonewa. Mumeo ametoa mtamba ambao baada ya miezi michache ungekuwa unatoa maziwa, na yeye ndiye aliyesema hapana tangu mwanzo. Kusema kweli angekwambia ulipe zote ningekosa la kumjibu. Kikoba kipo kwa ajili ya dharura, na hii umeifuga mwenyewe.

Ila hela ndiyo sehemu nyepesi. Wale vijana wa kijiji walioingia msituni kwenye mvua, umeandika "posho zao" kama vile walikuwa vibarua wako. Huyo aliyebeba mguu wa machela kwenye matope yale yanayoteleza, kila hatua akishikilia mizizi kwa mkono mwingine, angeweza kuvunjika yeye. Umekwenda kwao? Umepika hata sufuria moja? Nenda Kibosho Jumapili baada ya ibada, pika, peleka mbege, uwashukuru kwa mdomo wako, kijana akiwa amesimama pembeni yako. Askari wa hifadhi nao wanastahili kusikia asante kutoka kwenu wawili, siyo kwa baba peke yake.

Kuna watu ambao hukuwataja kabisa: wazazi wa wale wenzake wawili. Mmoja wao mtoto wake ana mguu mbovu. Wanajua kuhusu lile koti? Nadhani hawajui, na nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko kikoba. Waambie kabla hawajaambiwa na vijana wao.

Kwa mama mkwe usiende na maneno matupu. Umeolewa uchagani, jani la sale, lile la kuombea msamaha, unalijua kazi yake. Lichukue, umwendee, umwambie: ulinipigia nikakupuuza. Asipokusemesha siku hiyo, rudi tena. Kwa mumeo hivyo hivyo, na umweleze habari ya tochi yeye mwenyewe kutoka kinywani mwako, hata kama ameshaijua, na ameshaijua.

Kijana usimpige wala usimfanye shujaa. Video uiondoe leo, mtu aliyekaribia kufa kwa baridi si tangazo. Likizo zake mpaka amalize kidato cha nne ni za kukata majani ya ng'ombe wa bibi yake waliobaki, akianzia na hii iliyosalia. Mtihani ukiisha, baba yake ampeleke getini Marangu kwa heshima zote, waanze na kituo cha kwanza, Mandara, mita 2,720, wanakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ada ya Mtanzania ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, na hiyo ulipe wewe.

Kuhusu wifi yako kukuita "mama wa TikTok" mbele ya ukoo mzima: amekosa adabu. Mdai aombe radhi. Lakini subiri kwanza hela ya kikoba ifike kwa mumeo, ndipo ufungue mdomo kwenye hilo kundi.