Umeongeza RAM, kompyuta imeanza kuleta visa

Kompyuta ilikuwa nzima hadi jana. Umeiongezea RAM, imewaka bila shida, inasoma GB 16 badala ya 8, umefurahi. Baada ya muda kivinjari kinajifunga chenyewe. Kesho yake inakuja skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT, keshokutwa inakuja na maneno mengine kabisa. Tabia hiyo ya kubadilisha makosa ndiyo inayonifanya niishuku RAM kabla ya kitu kingine. Programu mbovu kwa kawaida ina kosa lake moja inalolirudia. RAM huvuruga chochote kilichokaa mahali penye tatizo wakati huo.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba RAM mpya ni mbovu. Inawezekana. Lakini katika mashine nilizozishughulikia, mara nyingi RAM zote mbili huwa nzima, ila haziwezani kwa kasi ile zilizopangiwa.

Kabla hujafungua kasha, acha kuhifadhi kazi ya maana kwenye mashine hiyo. Hili watu hulipuuza sana. Faili lolote unalonakili hupita kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski, na likiharibika njiani hakuna onyo. Nimewahi kunakili faili moja kubwa la zip kutoka kwenye flashi ileile mara mbili, nakala moja ikafunguka na nyingine ikagoma. Flashi haikuwa na kosa lolote. Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie kupiga Windows upya, na usithubutu kusasisha BIOS (programu ya msingi ya bodi inayoiwasha kompyuta) wakati RAM bado inayumba.

Sasa zitenganishe. Zima, chomoa waya wa umeme (kwa laptopu, tenganisha na betri), bonyeza kitufe cha kuwashia umeme uliobaki uishe, kisha acha RAM moja tu. Bodi mama nyingi zenye sloti nne hutaka RAM ya kwanza ikae sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ile inayoandikwa A2. Sukuma mpaka kibanio kilie. RAM iliyoingia nusu huleta makosa yaleyale ya RAM mbovu, na nusu ya mafundi tunaojiona wazoefu hatuanzii hapo.

Weka Memtest86+, programu ya kupimia RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache ifanye kazi usiku kucha. Kile kipimo kilichomo ndani ya Windows si kibaya, ila mimi huwa sikiamini kinaposema hakuna tatizo. Mistari ya makosa ikitokea, usiishie kuiona, isome. Kila mstari una anwani, thamani iliyotarajiwa na thamani iliyopatikana. Ukikuta ilitarajiwa ffffffff ikapatikana ffffffdf, ni biti moja tu (tarakimu moja ya 0 au 1) iliyoanguka. Anwani ileile na biti ileile zikijirudia kila mzunguko, hapo kuna chipu iliyokufa. Makosa yakitawanyika huku na kule, leo machache, kesho hayapo, mimi hushuku kasi au volti kwanza.

Pima kila RAM peke yake, katika sloti ileile. Inayotoa makosa ikiwa peke yake ni mbovu, hakuna mjadala. Zote zikifaulu, hamisha moja uijaribu kwenye sloti nyingine. Ikianguka huko tu, tatizo liko kwenye sloti, au prosesa haijakaa sawa. Zikifaulu kila mahali moja moja na kuanguka zikiwa pamoja, basi hapo ndipo penye kazi.

Kila RAM ina chipu ndogo inayohifadhi maelezo yake: kasi, volti, muda wa kusubiri. Bodi huyasoma na kutafuta mwendo ambao RAM zote zinaumudu, ndiyo maana RAM ya kasi ya 2666 na ya 3200 kwa kawaida zitakwenda kwa 2666. Mambo huharibika pale XMP ya Intel au EXPO ya AMD, yaani profaili za kuikimbiza RAM kupita kasi ya kawaida, inapokuwa imewashwa. DDR4 ya kawaida (kizazi cha RAM kabla ya DDR5) hutumia volti 1.2, lakini profaili nyingi za XMP hutaka 1.35 na muda mfupi zaidi wa kusubiri. Bodi ikichukua profaili ya RAM moja na kuilazimisha kwa mwenzake, mwenzake hawezi kuhimili. Ingia BIOS, zima XMP, pima tena. Makosa yakiisha umeshampata mchawi wako. Ukitaka, panda taratibu, 2400 kisha 2666, huku ukipima kila hatua. Binafsi huwa nasimama hapo. Kwa kazi za kawaida, GB za kutosha kwa kasi ndogo zinasaidia kuliko kasi kubwa inayokuangusha katikati ya kazi.

RAM nne ni mzigo mwingine, kwa sababu kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa na kina kikomo chake. AMD wenyewe kwa prosesa zao za Ryzen 7000 wanataja kasi ya 5200 kwa RAM mbili za DDR5, na 3600 tu zikiwa nne. Bodi ikiwa na DDR5, ukibadilisha RAM skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Inajipanga, usiizime.

Kuhusu kununua: namba ya modeli kufanana si dhamana, maana watengenezaji hubadilisha chipu za ndani na jina likabaki lilelile. Pakiti ya mbili zilizopimwa pamoja ni salama zaidi. Jihadhari na DDR4 za seva zinazouzwa bei ya kutupa: zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, kisha kompyuta haiwaki.

RAM zako zikishatulia usiku mzima bila kosa, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike sfc /scannow, Windows irekebishe mafaili yake yaliyoharibika. Mafaili yako yaliyoandikwa katika siku zile za visa, yafungue moja moja. Yasiyofunguka yarudishe kutoka kwenye nakala ya akiba.