Nilimnyamazisha shangazi msibani kwa hadithi niliyoisoma mkia

Babu alipofariki nilikuwa na miaka 21 na simu iliyojaa hadithi za Mtume. Maiti ilikuwa bado ndani, wanaume wanahangaikia sanda na maji ya kuoshea, na shangazi yangu amekaa kando ya mlango, kanga usoni, analia. Hakupiga mayowe wala hakujipiga kifua, mabega tu yalikuwa yakitikisika. Yeye ndiye aliyemuuguza babu miaka miwili, uji kwa kijiko. Nikamwinamia, na kwa sauti ya mtu anayejiona ana elimu nikamwambia: "Shangazi, nyamaza. Mtume (s.a.w.) amesema maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake."

Akanyamaza palepale. Nikaona nimetenda jema.

Siku ya hitima mama akanivuta uani. Kumbe shangazi tangu mazikoni hapati usingizi. Kilio kikimshika usiku anajiziba mdomo kwa mto, na asubuhi anamuuliza mama kama babu anateswa kaburini kwa ajili yake. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nenda kamuulize maalimu wako, halafu uje umwambie wifi yangu."

Sasa, hadithi ile si ya kubuni. Imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, wakusanyaji mashuhuri wa hadithi, na miongoni mwa waliosimulia ni Sayyidna Umar, khalifa wa pili, na mwanawe Abdullah, ndiye Ibn Umar (r.a.). Ndiyo maana nilikuwa na uhakika vile. Nilidhani hadithi ikishakuwa sahihi, kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza.

Maalimu alinisikiliza hadi mwisho, akashusha kitabu, akanionyesha kwa kidole. "Anzia juu," akasema. Ni kisa cha sahaba Saad bin Ubada. Aliugua, Mtume (s.a.w.) akaenda kumtazama, akamkuta amezungukwa na watu wake. Mtume akalia, na waliokuwapo walipomwona analia wakalia nao. Kisha akasema: hamsikii? Mwenyezi Mungu haadhibu kwa chozi la jicho wala kwa huzuni ya moyo, bali huadhibu kwa hiki, akaashiria ulimi wake, au hurehemu. Ndipo yanafuata yale maneno niliyomrushia shangazi. Msimulizi ni Ibn Umar yuleyule. Ujumbe wa simuni kwangu ulikuwa umekata kichwa na mwili, ukaniletea mkia.

Halafu akanisomea habari ya Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, na hii ndiyo iliyonikaa zaidi. Binti wa Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, alifariki Makka, Ibn Umar akamwambia kaka wa marehemu awakataze watu kulia, akitaja hadithi hii hii. Ibn Abbas, binamu wa Mtume, alikuwa hapo, akaeleza kwamba Bi Aisha alipopelekewa maneno haya alimwombea Umar rehema, kisha akayakataa: Mtume hakusema kuwa Muumini huadhibiwa kwa kilio cha watu wake. Akasema Qur'ani yawatosha, mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Katika mapokezi mengine anasema Ibn Umar hakusema uongo, ila alisahau au alikosea, kwani Mtume aliyasema alipopita penye msiba wa mwanamke wa Kiyahudi, watu wake wanamlilia. Angalia adabu hiyo. Anamsahihisha sahaba mwenzake huku akimwombea dua.

Wanazuoni wengi hawakuiacha hadithi ya Umar na mwanawe, maana waliosimulia ni wengi na wa kuaminika. Walitafuta namna ya kuikutanisha na aya hiyo ya mzigo. Bukhari mwenyewe aliiweka kitabuni chini ya kichwa cha mlango chenye sharti: iwapo kuomboleza ndiyo ilikuwa desturi ya huyo marehemu. Waarabu wa zamani waliusia kabisa, nikifa niombolezeni mpaka mtaa usikie, na anayeusia hivyo amebeba mzigo wake mwenyewe. Imamu Nawawi, ambaye sisi wa pwani tumekutana naye tangu tukihifadhi Arubaini yake, mkusanyo mdogo wa hadithi, chuoni, anasema wanazuoni wameafikiana kuwa kilio kinachokusudiwa ni cha kupaza sauti na kuomboleza, si machozi matupu. Na Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim: jicho linatoa machozi, moyo unahuzunika, wala hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu.

Tangu siku hiyo hadithi ikinifikia kipande, siisambazi. Naitafuta nzima, natafuta ndugu zake, yaani mapokezi mengine ya jambo lilelile, na nauliza ilisemwa wapi, kwa nani, kwa sababu gani. Kichwa cha mlango alichoiwekea Bukhari nakisoma pia, maana mara nyingi ndimo alimoficha fahamu yake. Kisha namuuliza mtu aliyesoma kwa walimu. Hili la mwisho vijana wenzangu hawalipendi.

Lilinifaa mwaka 2020. Corona ilipoingia, kuna waliokuwa wakituma "hakuna kuambukiza" na kuacha hapo, kwamba Mtume kakanusha maradhi kuambukiza, basi tubanane tu. Ni hadithi sahihi, lakini hao hao Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wazima, na Bukhari ana ile ya kumkimbia mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Kilichokanushwa ni imani ya kijahilia, ya kabla ya Uislamu, kwamba ugonjwa una nguvu zake wenyewe nje ya kadari, yaani mpango wa Mungu. Sayyidna Umar aliposikia tauni imeingia Sham, upande wa Syria, alirudi njiani, pale Sargh. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Niliituma hiyo kwenye kundi la ukoo. Mjomba mmoja akajitoa kundini, akarudi baada ya wiki.

Wapo pia wanaosikia hadithi isiyowaingia akilini wakaitupa, na wakitupa moja wanazitupa zote. Nao siwaelewi. Mimi hadithi hii nimeipenda zaidi baada ya kuisoma nzima.

Kwa shangazi nilikwenda jioni ileile niliyotoka kwa maalimu. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi, nikamsomea kisa cha Saad mwanzo hadi mwisho. Nilipofika pale Mtume alipoashiria, akanikatiza.

"Hebu rudia. Aliashiria nini?"

"Ulimi, shangazi."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akanitazama kwa muda. "Basi siku ile mwenye kosa si macho yangu," akasema. "Kaa ule, chakula kinapoa."