Maswali ya Wasomaji: Mahubiri ya Video Badala ya Mhubiri

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa usharika ulioko Mkoa wa Mbeya. Mchungaji wetu hutufikia Jumapili moja kwa mwezi. Jumapili nyingine huhubiri mwinjilisti, ambaye baadhi ya washarika humwona hana mvuto. Kamati imependekeza tununue projekta, ili mahubiri ya mchungaji yanayorekodiwa makao makuu ya usharika yaletwe kwa flashi na kuoneshwa kwetu kila wiki. Vijana wanashangilia, wazee wananung'unika. Je, jambo hili linakubalika?

JIBU: Ndugu mzee wa kanisa, katika Maandiko sioni katazo. Paulo, akiwa mbali, aliwaagiza Wakolosai wausome waraka wake na kuhakikisha kwamba unasomwa pia katika kanisa la Laodikia (Kol. 4:16), kwa hiyo neno lililoandaliwa mahali pengine kusikika ibadani si jambo geni. Hata hivyo Yohana, aliyekuwa na mengi ya kuandika, hakutaka kuyamaliza kwa karatasi na wino, bali alitarajia kufika na kusema nao mdomo kwa mdomo (2 Yoh. 12).

Wenzetu wa Marekani wameujaribu utaratibu huu kwa miaka mingi. Kanisa la Life.Church, lililoanza Oklahoma mwaka 1996, huonesha mahubiri ya mwanzilishi wake, Craig Groeschel, katika matawi yake mengi, lakini kila tawi lina mchungaji wake anayewahudumia waumini. Kanisa la Mars Hill la Seattle nalo lilikuwa likiyaonesha mahubiri ya mchungaji wake mkuu, Mark Driscoll, katika matawi yaliyotapakaa majimbo kadhaa. Alipojiuzulu Oktoba 2014, haukupita mwezi kabla ya kutangazwa kwamba kanisa zima litavunjwa, na matawi yakatakiwa kujitegemea, kuungana na makanisa mengine au kufungwa. Sisemi kwamba video ndiyo iliyoliangusha kanisa lile, maana malalamiko dhidi ya Driscoll yalihusu uongozi wake, ila tawi lililozoea sauti ya mtu mmoja huwa na kazi kubwa anapoondoka.

Kwenu naona hatari iliyo karibu zaidi. Tuseme mtaani mmefiwa siku ya Ijumaa na kuzika Jumamosi. Jumapili wafiwa wanaketi mbele ya kitambaa cheupe, na mchungaji, aliyerekodiwa wiki iliyopita, anaipongeza kwaya ya makao makuu, anatania kidogo, kisha anawakumbusha washarika wa huko ahadi zao za ujenzi. Hakukosea lolote; hakujua tu. Mwinjilisti anayedharauliwa kwa kukosa mvuto ndiye aliyelala matangani, na sentensi zake tatu zinazoyumba zingewafaa wafiwa kuliko dakika arobaini za ufasaha.

Ushauri wangu ni kwamba video itumike katika vipindi vya Biblia vya katikati ya wiki na katika mafundisho ya kipaimara, ambako inaweza kusimamishwa kila baada ya dakika kumi ili watu waulize na mwinjilisti afafanue. Jumapili video iwe ya dharura tu, kama vile mwinjilisti anapougua na hakuna wa kumshika mkono, na hata siku hiyo liturujia, maombi na matangazo viongozwe na mtu aliyepo. Chakula cha Bwana kisubiri siku ya mchungaji kama kawaida. Kuhusu fedha, kumbukeni kwamba projekta huja na jenereta na mafuta yake, kwa kuwa umeme haukatiki kwa kufuata ratiba ya ibada. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kumlipia mwinjilisti nauli na mafunzo mafupi ya kuhubiri, au kumwezesha kuketi na mchungaji kila mwezi kuandaa mahubiri pamoja.

Na kabla kamati haijapiga kura, mwiteni mwinjilisti mwenyewe aketi nanyi, kwa sababu katika barua yako sikuona mahali panapoonesha kwamba ameulizwa.