Visu vya fundi ngozi Uingereza: vya kununua na namna ya kutembea navyo

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza makubadhi na mikoba ya ngozi, na sasa nimehamia Leicester. Nyumbani nilizoea kisu kimoja tu cha kunoa, lakini huku madukani vipo vya kila aina. Ninunue vipi? Halafu Jumamosi nataka kwenda kuuza sokoni kwa basi. Nimeambiwa kisu cha kukunja ni halali kukaa nacho mfukoni. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Naanza na la mwisho, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kukupeleka mahakamani. Aliyekwambia kisu cha kukunja ni halali amekupa nusu ya sheria. England na Wales zinafuata kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki Jinai ya mwaka 1988. Kinakataza kuwa na kitu chochote chenye makali au ncha kali mahali pa umma, isipokuwa kisu cha mfukoni kinachokunjika ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mahakama zikaeleza kwamba kukunjika maana yake ni kukunjika wakati wowote, kwa kusukuma tu. Kikiwa na loki, kwamba lazima ubonyeze kitufe au usogeze kibati ndipo kifunge, basi mbele ya sheria hakina tofauti na kisu cha jikoni, hata kama makali yake ni sentimita 4.

Tatizo kwa fundi ni kwamba loki hiyohiyo ndiyo inayolinda vidole. Sukuma kisu kisicho na loki kwenye ngozi nene, kikikwama kinakunjikia mkononi mwako. Kwa hiyo usichague kisu cha kazi kwa kuangalia kipi kinaruhusiwa mfukoni. Chagua kinachofaa mezani, kisha upange namna ya kukisafirisha.

Kwa soli za milimita 4 au 5, nunua kisu cha Stanley (kisu cha wembe wa kubadilisha) ambacho wembe wake umebanwa na skrubu, usioingia na kutoka. Vile vya kuteleza vina nafasi ndogo ndani ya mpini, na nafasi hiyo ukibana mkono inaufanya wembe ucheze; ukingo wa soli unatoka umelala upande. Wembe wake una ncha mbili: moja ikichoka, fungua skrubu, ugeuze. Usijaribu kumaliza soli kwa mkato mmoja. Wa kwanza uwe mwepesi, wa kuchora njia tu. Mikato miwili au mitatu inayofuata itafuata njia hiyohiyo yenyewe. Anayekandamiza tangu mwanzo ndiye anayetoka nje ya mstari.

Rula iwe ya chuma, na iwekwe juu ya kipande unachokihitaji, ili mkono ukiteleza kisu kiingie kwenye mabaki. Vidole vya mkono wa rula vivutwe nyuma ya ukingo wake. Kidole gumba ndicho hujisahau na kuchungulia. Chini weka mkeka wa kukatia wa plastiki. Kukatia juu ya kioo au marumaru kunaua ncha ya wembe mara moja.

Mikanda ya ngozi nyembamba na violezo vya karatasi ngumu vya kuchorea umbo vikatwe kwa kisu chenye wembe wa kuvunja vipande. Aina hiyo ilibuniwa Japani mwaka 1956 na kampuni inayoitwa leo OLFA ndiyo iliyoieneza. Wembe wa milimita 9 unatosha kwa kazi hii, wa milimita 18 ni wa maboksi na ngozi ngumu kiasi. Toa kipande kimoja tu nje ya mpini. Ukitoa vitatu wembe unapinda, na ukipinda unakatikia pale usipotaka. Kipande butu kivunje kwa koleo, ncha ikielekea chini, mbali na uso.

Yale mapambo ya kutoboa juu ya kubadhi yanataka kisu cha aina ya upasuaji. Hapa watu wengi hupoteza pesa kwa kununua wembe usioingia kwenye mpini. Mpini namba 3 unachukua wembe namba 10A, 11 na 15; mpini namba 4 unachukua wa namba 20 na kuendelea, na haviingiliani. Kwako, namba 3 na wembe wa 10A. Wembe huo ni mwembamba na haustahimili kupindishwa, kwa hiyo kwenye kona zungusha ngozi, usizungushe kisu. Kuutoa usitumie kucha wala kitambaa. Elekeza ncha mbali nawe, bana kwa koleo sehemu ya nyuma ya wembe iliyo karibu na mpini, inua kidogo hadi itoke kwenye kishikio chake, kisha sukuma mbele. Wembe uliotoka uingie kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye mfuko wa taka.

Kisu chako cha kunoa usikitupe. Kupunguza unene wa ukingo kabla ya kukunja na kushona hakuna kinachokishinda, mradi kimenolewa upande mmoja. Kinoo cha namba 1000 kwanza, mpaka usikie kijinywele cha chuma upande wa pili. Halafu namba 4000 au zaidi. Halafu kisugue juu ya ngozi iliyopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia makali. Kikianza kuvuta nyuzi badala ya kunyoa, kirudishe kwenye ngozi hiyo kabla hujaongeza nguvu za mkono.

Sasa safari. Sheria inaruhusu kubeba kisu ukiwa na sababu nzuri, na kazi ni mojawapo, lakini kuithibitisha ni juu yako. Kujilinda hakukubaliwi kama sababu ya kutembea na kisu; usilitamke hata kwa mzaha. Kusahau peke yake pia hakutoshi: yupo mtu aliyekutwa na kisu alichokitumia kazini siku 6 nyuma, kikabaki kwenye suruali, na mahakama ikakataa utetezi huo. Kwa hiyo kila kisu kiwe ndani ya ala au kimefunikwa, visu vyote ndani ya boksi la zana lililofungwa, pamoja na gundi, nyuzi na ngozi, na uwe na karatasi inayoonyesha kuwa una meza sokoni. Nenda moja kwa moja, rudi moja kwa moja, uvitoe kwenye mzigo jioni hiyohiyo. Gari lako likiwa barabarani si nyumbani kwako. Kisu kilichoachwa mlangoni mwa gari kwa wiki nzima kinahitaji sababu vilevile. Adhabu inaweza kufika miaka 4 jela, na mtu mzima akipatikana na hatia mara ya pili, mahakama kwa kawaida inatakiwa impe angalau miezi 6.

Usinunue mtandaoni kisu kinachofyatuka kwa kitufe au springi, hata kikiitwa cha kazi. Tangu Julai 2021 hicho ni kosa kuwa nacho hata kabatini kwako. Na usimtume mtoto dukani: kuuza kisu, au hata pakiti ya wembe za Stanley, kwa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la muuzaji. Ukiagiza kuletewa nyumbani, uwe tayari kuonyesha kitambulisho mlangoni. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, zinazofanana na hizi kwa sehemu kubwa. Ukienda kuuza huko zisome kwanza.

Kwa soko la Jumamosi, kazi ya mezani mara nyingi ni kuongeza tundu la mkanda wa kubadhi na kukaza kifungo. Beba koleo ya kutobolea na nyundo ndogo. Mteja akitaka mkanda ufupishwe, pima mguu, andika jina na oda, ukate nyumbani umpelekee wiki inayofuata. Ukiona lazima ukate palepale, beba kisu kimoja cha Stanley, wembe umetolewa na kuwekwa kwenye kopo lake, uufunge ukishafika mezani.