Hosteli, nyumbani au kupanga chumba?

Shangazi shikamoo. Mi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo, mkoani Tabora. Binti yangu kaanza form one shule ya kata, kutoka kwetu kama kilometa tisa, anaenda na baiskeli anatoka saa kumi na moja alfajiri na mvua zikianza kuna mbuga inajaa maji hapitiki mtu. Shule ina hosteli, wazazi tunachangia mahindi, maharage na hela ya mpishi. Mama yake hataki, anasema huko ataharibika. Shemeji anasema tumpangie chumba jirani na shule na wenzake wawili, eti nafuu. Na mdogo wake wa darasa la tatu natamani nimpeleke bweni mjini. Nifanyeje?
Baba wa wawili, Urambo

Marahaba baba. Nianze na hicho chumba cha shemeji maana ndo kimenikera. Hapana. Hilo ni geto tu, watoto watatu hawana mtu mzima, mkaa umeisha Jumanne na baba anakuja na hela Jumamosi, hapo katikati nani anawalisha? Bodaboda yupo, mwenye duka yupo, na wanaanzaga na chipsi tu. Mi nilikaa geto form three, tulikuwa wanne, ikifika Alhamisi ni ugali na chumvi, na mmoja wetu hakumaliza na wala hatukustuka mpaka tumbo lilipoonekana.

Sasa mama watoto. Hofu yake naielewa ila mwulize, huyo binti akirudi jioni kachoka na baiskeli, anakuta maji hayajachotwa, vyombo vinamsubiri, na mvua na kazi za bani (banda la kukaushia tumbaku) mnajua wenyewe vinakuja pamoja, daftari anafungua saa ngapi?

Mi nasema hosteli, ila kaione kwanza. Bweni sio kitu kigeni kwetu, Tabora Boys na Tabora Girls watoto wanalala toka enzi za mkoloni, lakini hosteli ya kata mara nyingi ni nguvu za wananchi na michango, kuna nzuri na kuna za kukimbia. Nenda jioni bila kuwaambia. Matroni analala palepale au anaondoka na walimu? Choo kiko ndani ya uzio? Maji wanachota wapi, saa ngapi? Bweni lina mlango wa pili, na madirisha yana nondo zisizofunguka, maana moto ukitokea watatokea wapi? Matroni kama halali hapo basi na mimi naungana na mama watoto.

Hela: ada ya form one mpaka four ilifutwa toka 2016 lakini ugali wa hosteli haumo humo. Tumbaku inalipa kwa mpigo, kwa hiyo siku ukilipwa peleka mchango wa mwaka mzima kabla hujaanza kuangalia pikipiki (nawajua nyie).

Huyo wa darasa la tatu abaki nyumbani, hilo halina mjadala. Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa darasa la kwanza mpaka la nne, shule ikikupokelea mtoto kimyakimya jiulize na mengine wanafichaje. Na bado anahitaji kufunikwa usiku.

Binti mfungie michembe (viazi vitamu vya kukausha) ya kutosha, prepo inaumaga njaa. Namba ya simu ya matroni achukue mama yake, sio wewe.